Mikono ya Shati la Okemwa

Mimi Okemwa ni mkulima wa chai, na habari za kitambaa nazijua kwa kuvaa tu. Kwa hiyo nikisimulia mambo ya mke wangu Loice na mahali fulani nikapotea, msinicheke. Mwaka huu wote nimekuwa mtu wa kupotea.

Loice alishona barazani pale soko la Nyaramba kwa miaka ishirini na tisa. Sare za shule, majoho ya kwaya, suruali za walimu wenye matumbo. Sifa yake kubwa ilikuwa jicho. Mafundi wengine walikuzungushia tepu kila upande, yeye alikutazama mara moja akachukua mkasi. Mwaka jana presha ikamwangusha jikoni. Alipopata nafuu, mkono wa kulia ulibaki bila nguvu. Kikombe unashika, mkasi hauwezi. Tukairudisha cherehani nyumbani, akaifunika leso, na kila asubuhi akawa anaipangusa vumbi ambalo mimi silioni.

Ndipo akaja Lavender, binti wa shemeji yangu Nyakundi, anayefanya kazi za kompyuta mjini Kisii. Alisema kuna kampuni ya ng'ambo inayouza nguo kwa picha. Nguo zenyewe zinakatwa na kushonwa ndani ya kompyuta, na kitambaa cha humo kina uzito, kinaning'inia, kinajikunja, ila hakipo. Nikauliza nani anavaa kitu kisichokuwepo. Akanieleza mara mbili. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikaenda kulisha ng'ombe.

Nilichokamata ni hiki: kampuni ilikuwa imempa jaribio. Atengeneze shati la mwanamume lenye mikono iliyokunjwa hadi kwenye kiwiko, alitume kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Lavender alijua kompyuta lakini hakujua kitambaa, na alitaka shangazi yake awe jicho lake. Wakifaulu, kazi ni ya wote wawili.

Loice alikubali, kisha akasema neno lililonikata maini. "Ikishindikana, Manasseh aje achukue cherehani. Nitajua ufundi umeisha." Manasseh ni fundi mwenzake wa barazani, na alikuwa ameiulizia hiyo cherehani tangu siku Loice alipotoka hospitali.

Jumanne na Jumatano niliporudi kutoka kituo cha kupimia majani ya chai niliwakuta wameinamia kioo. Humo ndani alisimama mtu asiye na nywele, amevaa shati. Lavender alibonyeza ili mkono ukunjwe mara tatu, na kila mara kitambaa kilizama ndani ya kitambaa, kikatetemeka, kikatokea upande wa pili wa kiwiko cha yule mtu. Sikuelewa jinsi kitambaa kisichokuwepo kinavyoweza kukaidi. Loice naye hakuelewa, na hilo lilinitia hofu zaidi.

Alhamisi waliamua wanahitaji mtu wa damu na nyama, na Nyaramba nzima inajua kwamba mimi hukunja mikono ya shati. Nakunja shambani, harusini, hata kanisani. Lavender akanipima ili yule mtu wa kwenye kioo apate mikono yangu. Kisha akanakili shati kutoka kwenye karatasi ya vipimo ambayo Loice amekatia mashati yangu yote tangu tufunge ndoa. Akamvisha yule mtu. Mikono ya shati ikashuka ikameza viganja vyote.

Lavender alidhani amekosea. Loice akamnyang'anya tepu, akanipima mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kutoka begani hadi kwenye kifundo. Katika maisha yetu yote ilikuwa mara ya kwanza.

"Anko, mkono yako ni inchi ishirini na nne," Lavender akasema. "Hii karatasi inasema ishirini na nane."

Loice aliitazama karatasi, halafu akanitazama mimi. "Baba Ian, shati ya harusi ilikuwa ndefu?"

Ningeweza kudanganya. Wakati ule wa uchumba aliona haya kunipima mbele ya shangazi zake, akakata shati langu kwa kufuata la kaka yake Nyakundi, na Nyakundi ni mrefu kama mlingoti wa stima. Asubuhi ya harusi nilivaa, nikaona viganja vimepotea, nikakunja. Aliponiona alicheka kwa furaha, akidhani nimeamua kuringa. Shati la pili likaja na urefu uleule. Ningemwambia lini? Mwaka wa tatu? Mwaka wa kumi?

"Ni mikono tu," nikasema. "Mabega yalikuwa sawa."

"Basi hata nilipokuwa na mkono sikuwa na jicho," akasema. Akamwambia Lavender ampigie Manasseh simu.

Hapo nikakasirika, na hadi leo sijui nilimkasirikia nani. Nikamwambia mikunjo hii imebeba ndizi, imenyeshewa shambani, na haijawahi kuteremka hata siku moja, kwa sababu kitambaa kilikatwa na mtu anayejua kukata. Nikasimama mbele yake, nikateremsha mkono wa shati, nikaukunja tena kwa hasira. Alikuwa akinitazama. Uso wake ukabadilika, ukawa ule wa barazani.

"Rudia," akasema. "Polepole."

Nilirudia hadi mabega yakauma. Loice akamweleza Lavender kwamba mimi sikunji mara tatu sawasawa. Kwanza nakunja mkunjo mmoja mpana hadi kwenye kiwiko, naukandamiza kwa kiganja, nauacha utulie. Halafu nakunja mwembamba kutoka chini, na ncha ya kafu, pale penye kifungo, inabaki ikichungulia. Na mzunguko wa juu lazima uwe mkubwa zaidi, kwa kuwa una mwingine ndani yake. Lavender akachora mistari, akakunja mara moja tu, akangoja kitambaa kitulie, akaiambia kompyuta kipi kiko juu na kipi chini. Kisha mkunjo wa pili. Kilitetemeka kidogo kikakaa. Kilikaa kama kinavyokaa kwangu, hata yale makunyanzi ya kiwikoni, na mimi nikaogopa kuuona mkono wangu mahali ambapo sipo.

Wakalituma Ijumaa saa nne asubuhi. Jibu lilikuja Jumatatu: wamekubaliwa, na aliyekunja mikono ile anaombwa ajaribu suruali. Loice alimtaka Lavender alisome mara mbili. Kisha akaifunua cherehani, akasema Manasseh aitwe.

Nikafa moyo. Si amefaulu? Nikamuuliza, akanifukuza nikachume chai.

Kumbe Manasseh aliitwa akopeshe mikono. Aliketi kwenye cherehani ya Loice, akashona alivyoambiwa, kwa kufuata karatasi mpya iliyotoka kwa Lavender.

Sabato nilivaa shati jeupe lililoishia kwenye vifundo. Kanisani sikujua niweke wapi mikono. Mzee wa kanisa aliniuliza kama naumwa. Katikati ya mahubiri vidole vyangu vikaenda vyenyewe kwenye kifungo. Loice akanishika kwa mkono wa kulia, ule usioweza mkasi.

"Acha, Baba Ian," akanong'ona. "Hii nimepima."