Uso wa Fundi Rangi

Fundi Rangi alikuwa na kasoro moja: alijijua kwamba ni mzuri. Miaka thelathini alipaka kuta za watu, na hakuna siku aliyopanda ngazi kabla ya kujitazama kwenye kioo cha dirisha la mwenye nyumba. Mkewe alisema bwana yule angekioa kioo kama kingejua kufua.

Kwa hiyo uso ulipoanza kugeuka, nyumba nzima ilikoma. Ulianza puani, ukashika mashavu, ukapanda hadi kwenye paji: kijivu kinachovuta buluu, rangi ambayo mwenyewe aliwakataza wateja wasiipake sebuleni. Akadhani ni uchafu wa kazi. Akajisugua kwa mafuta ya taa, kisha kwa thina, mpaka akawa wa buluu na mwekundu kwa pamoja. Wenzake hawakumwacha salama.

"Mzee, shingo umeiruka!" walimpigia kelele. "Rudia!"

Hospitalini, nesi mwenye haraka zake alimtupia jicho moja tu, hukumu akawa nayo.

"Baba, unatumia mkorogo?"

"Kila siku, binti yangu. Bila mkorogo nyumbani hatuli."

Nesi akaweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Tangu ujana. Marehemu baba ndiye aliyenifundisha."

"Jamani! Na unachanganya nini?"

"Inategemea. Nyeupe nyingi, maji kidogo, na kijiti cha kukorogea."

Alihubiriwa dakika kumi nzima juu ya ubaya wa krimu za kujichubua, ndipo akang'amua kwamba yeye anasema ndoo na mwenzake anasema ngozi.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani, kisha akauliza ni dawa gani anameza. Kumbe ndizo. Vidonge vya moyo, alivyovimeza miaka mitatu ili moyo usiende mbio ovyo, huweza kumgeuza mtu hivyo, hasa ngozi inayopigwa jua.

"Vaa kofia pana, jipake mafuta ya kuzuia jua," alisema. "Na usiache dawa kwa uamuzi wako. Zile nyingine tulizokujaribia, moyo wako ulizikataa."

Fundi aliitikia kwa adabu, na alipofika nyumbani akaanza kuvificha vidonge kwenye kopo kuukuu la rangi. Bora kufa mzuri, alijiambia, mpumbavu yule. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; yeye aliumbuliwa na vitunguu, maana mkewe alikuwa akitafuta kopo la kuvipandia.

Mkewe hakupiga kelele. Alikaa kitandani, vidonge vimejaa kiganjani.

"Umeacha tangu lini?"

"Wiki tatu. Mke wangu, hebu nitazame! Watoto wa mtaani wananiita Ndoo."

"Nimekutazama miaka yote hii. Wewe ndiye hukunitazama mimi. Siku ile ulipoanguka kazini, nilikushika kifua njia nzima mpaka hospitali, namwomba Mungu aniachie mume wangu. Sikutaja rangi."

Fundi Rangi aliona aibu, na kwa mara ya kwanza akaogopa kufa. Akanyoosha mkono, akapewa kidonge kimoja na kikombe cha maji, akameza.

"Fungua kinywa," mkewe akasema. "Inua na ulimi nione."