Kiitikio cha Manju Machibya

Jiwe la kwanza lilimpata Mwalimu Getruda Masalu begani. La pili lilipita ubavuni mwake likampasua mdomo mtu ambaye yeye alisimama kumkinga. Mtu huyo aliitwa Machibya, na alikuwa amepigishwa magoti katikati ya uwanja wa ngoma wa Nyanhelela, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Tairi kuukuu lilikuwa limeshaletwa. Petroli ilikuwa njiani, kwenye bodaboda.

"Toka hapo, Mwalimu!" kijana mmoja alipaza sauti. "Au kama unataka kuungua naye, sema tuongeze lita!"

Watu walicheka. Getruda alibaki pale pale.

Alikuwa mtoto wa mvuvi wa Igombe. Baba yake alikuwa na fimbo nene aliyoipa jina Mpole. "Leo Mpole anataka kuwasalimia," baba angesema akivua viatu, na mama angeanza kuwasogeza watoto mlangoni. Siku Mpole alipouvunja mkono wa mama, baba aliwaambia majirani kwamba mkewe ameanguka kwa kucheka sana. Majirani wakasema pole kwa kucheka. Miaka mingi baadaye, chuoni Butimba, mkufunzi aliandika ubaoni neno kejeli na fasili yake chini, na wenzake wakanakili. Getruda aliweka kalamu chini. Yeye alikuwa ameshalisikia neno hilo likivunjika kama mfupa.

Alipopelekwa kufundisha Kiswahili katika sekondari ya Nyanhelela, si mbali na Bujora, alijiwekea utaratibu wake. Baada ya mavuno, makundi ya ngoma yanaposhindana, aliwatoa kidato cha nne darasani na kuwapeleka uwanjani. Huko makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji huhama kufuata utamu. Atakayewavuta wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo manju, mtunzi na kiongozi wa kundi, hutukana, hujisifu, hutisha. Hudai ana dawa ya kuvuta watu, dawa ya kukausha koo la mpinzani, dawa ya kuua.

"Anayesema ndani ya wimbo tunamwita nafsineni," Getruda aliwaambia wanafunzi wake. "Nafsineni ameua watu mia na amelala na radi. Manju ana mke na jino bovu. Msiwachanganye."

Mwaka huo, siku moja kabla ya mawe hayo, walioshindana walikuwa Machibya na Ngosha. Kundi la Machibya liliitwa Nyuki, nao hucheza na majembe, wakiyarusha juu na kuyadaka pamoja. Ngosha alikuwa na vijana wanaocheza na nyoka hai. Jua lilipokuwa kali Machibya alitoa wimbo mpya, akiuimba huku akimwelekezea Ngosha kidole:

*Jogoo wa ng'ambo kawika mara moja,*
*nimempa shingo yake aishike mwenyewe.*
*Nani kamnyonga?*

"Sisi!" uwanja uliitikia.

*Nani kamla?*

"Sisi!"

*Mifupa nani kafukia?*

"Sisi sote!"

Watu walihama kama maji yanavyoacha ufuko. Hata Ngosha mwenyewe, ameshindwa, jasho linamtiririka, aliweka mikono kiunoni akaitikia kwa kicheko. Asubuhi iliyofuata aliamka, akafunga maksai wake kwenye nira, akaanguka katikati yao. Maksai waliendelea kutembea. Walipomtoa chini ya jembe, uso wake haukutazamika.

Yowe lilipigwa. Kabla ya saa ya mapumziko ndugu wa Ngosha walikuwa wamemkokota Machibya kutoka nyumbani kwake, na walimpiga njia nzima, kwa fimbo, kwa mateke, mmoja kwa mnyororo wa baiskeli. Getruda alisikia kelele akiwa darasani. Alikimbia na chaki mkononi.

Sasa alimtazama mzee aliyekuwa mbele ya umati, Chenge, baba mdogo wa marehemu, mwenye rungu lenye damu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Chenge alijibu, maana ilibidi ajibu. "Sasa toka."

"Amefanya nini?"

"Hujasikia? Alitangaza mwenyewe! Mchana, mbele ya watu! Mwizi gani anatangaza wizi, halafu mtu anakuja kuuliza amefanya nini?"

"Wewe ulikuwepo kwenye ngoma?"

"Nilikuwepo."

"Basi tuimbie wimbo, baba. Wote, usiruke."

"Mwalimu, hapa si shuleni kwako!"

Getruda hakungoja. Aliimba yeye, kwa sauti nyembamba ya mtu anayeogopa, kuhusu jogoo na shingo yake. Kisha akauliza kwa wimbo, nani kamnyonga? Na kutoka nyuma, mama mmoja ambaye masikio yake yalikuwa yamezoea kuliko akili yake, aliitikia, "Sisi!" Akaziba mdomo kwa kanga.

"Umesikia?" Getruda aligeuka na kuzunguka. "Machibya aliuliza. Waliojibu ni nani? Kama wimbo ule ni ungamo, basi mleteni huyu mama hapa. Lete na wewe, baba Chenge, shingo yako. Niletewe tairi langu, maana na mimi niliitikia. Petroli ya uwanja mzima mtaitoa wapi?"

"Maneno ya shule hayo!" kijana wa mnyororo alisema, akampiga Machibya mgongoni hadi akalala kifudifudi.

Ndipo Ng'washi, mjane wa Ngosha, aliposimama. Alikuwa ameketi chini, vumbi la msiba kichwani. "Mume wangu naye aliitikia," alisema. "Alirudi nyumbani anauimba. Alikula ugali akiuimba. Kifua kilikuwa kinambana tangu kupalilia, akakataa kwenda zahanati, akasema manju haugui mbele ya watu."

Bodaboda ya petroli ilifika, dereva akaizima, hakuna aliyemkaribia.

Chenge alifuta rungu kwenye suruali. "Haya. Wimbo ni wimbo. Lakini kuna dawa. Machibya, hili ujibu mwenyewe. Dawa yako inaua, au haiui?"

Machibya alitema jino.

Getruda alipiga magoti. "Sema, kaka. Sema tu."

"Mwalimu," Machibya alinong'ona, "hujui unachoniomba."

"Nakuomba uishi."

Machibya alitazama pembeni. Vijana wake wa Nyuki walikuwa wamesimama ukingoni mwa uwanja, majembe mabegani, hawajaamua kupigana wala kukimbia. Kila mmoja alikuwa na chale kwenye vifundo vya mikono, alizochanjwa na Machibya kwa wembe na unga mweusi usiotajwa jina. Walikuwa wamecheza mbele ya nyoka wa Ngosha kwa kuamini kwamba chale zile zinawakinga.

"Ni majivu," Machibya alisema. "Majivu ya jikoni na samli. Hayaui hata kuku."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote. "Tumemfunga mpishi!" Chenge alicheka mpaka akakohoa, akaikata kamba kwa kisu chake. "Nenda, mganga wa jikoni. Nenda tukazike." Dereva aliwasha pikipiki akaondoka na petroli yake. Getruda alimwinua Machibya, akauzungusha mkono wake shingoni mwake. Walipiga hatua chache.

"Majivu?"

Aliyeuliza alikuwa Nathaniel, mpiga ngoma mkuu wa Nyuki, kijana aliyekuwa akimwita Machibya baba. Alikuwa ameinua mikono yake akizitazama chale kana kwamba amezikuta asubuhi hiyo.

"Mwanangu..." Machibya alianza.

Jembe lilimpata kwenye goti. Lililofuata lilikuja kutoka upande mwingine. Walimpiga pamoja, kwa mapigo ya ngoma, kwa sababu ndivyo mikono yao ilivyojua kushika majembe, juu, chini, juu, chini, na hapakuwa na mtu wa kuimba. Ndugu wa Ngosha walisimama wakitazama. Getruda alijirusha juu ya Machibya, na jembe moja likamkata vidole viwili vya mkono wa kuandikia. Ng'washi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na ni kelele za mjane zilizowazuia, si huruma.

Hospitalini Mwanza, Machibya alikatwa mguu. Getruda, mkono umefungwa bandeji, alimletea uji.

"Wale wangenichoma," Machibya alimwambia akitazama ukuta, "ningekufa manju. Umeniokoa, Mwalimu, lakini uliyemwokoa simjui."

"Niliujua wimbo wako wote," Getruda alisema. "Wewe sikukusoma."

"Toka."

Alitoka. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Mavuno mengine yalipokuja, Nyuki walipata manju mpya, Nathaniel. Hakuna aliyeshtakiwa, kijiji kilisema hakikuona. Machibya alifika uwanjani kwa magongo, akakaa kwenye kigoda mbali na watu, na Getruda akakaa kando yake. Nathaniel alimwona. Alitoa wimbo wa mpishi wa majivu, mwenye mguu mmoja jikoni na mmoja kaburini. Watu walianguka kwa kicheko.

Getruda alishika gongo, tayari kumwinua waondoke.

"Hajui kutukana," Machibya alisema.

"Nini?"

"Mstari wa pili umepungua mizani. Na kina kimelala. Sikiliza, hapo! Anakimbilia kiitikio kabla watu hawajavuta pumzi. Nilimfundisha nini mimi?"

"Wewe ungesemaje?"

Aligongagonga kisigino cha mguu uliobaki. Kisha, kwa sauti ya chini isiyofika kwa mtu mwingine, akajitukana mwenyewe, mstari baada ya mstari, akiutaja mguu, majivu, na wana aliowadanganya, kwa ukali ambao Nathaniel asingeuweza kamwe. Alipofika mahali pa kuuliza alisita, machozi yakimdondoka kidevuni.

*Nani kamlea nyuki aliyemuuma?*

"Sisi," Getruda alimwitikia, yeye peke yake.