Makofi Tuliyompigia Fundi Haruni

Bado naikumbuka Jumamosi moja ya ujana wangu hapa Tabora, mwanangu, na kila nikiikumbuka siwezi kukaa. Ndiyo maana umenikuta nazunguka, mara jikoni, mara mlangoni. Jana uliniambia rafiki yako wa chuo alikusomea shairi alilotunga, likakuchoma moyo, na wewe hukumwambia neno. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Bibi, ningeonekana najipendekeza." Nami nikanywa chai yangu, nikakuacha uende. Nimejuta tangu hapo. Keti wewe. Mimi nitasimama.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya wa Kiingereza, nakuja mjini kwa baiskeli kutoka kwetu upande wa Kipalapala. Majivuno niliyokuwa nayo, usiulize! Hata shikamoo yako ningeisahihisha. Basi cherehani ya mama ikakwama, nikaipeleka Isevya kwa Fundi Haruni, mzee wa Kipakistani aliyetengeneza cherehani kwenye baraza moja na mafundi wa kushona. Alikuja akiwa kijana kutoka Lahore, kumfuata mjomba wake, akazeekea hapa. Asubuhi aliwaamkia wateja "Mwangaluka!" kwa Kinyamwezi chenye lafudhi yake, kina mama wakacheka, naye akacheka nao.

Nikiwa namsubiri nikaona karatasi zake za kaki, zile nene za kupimia na kukatia nguo. Zilikuwa zimejaa mistari ya penseli. Kiingereza! Mashairi!

"Haya ya nani, Fundi?"

"Ya kwangu, Mwalimu. Usimwambie mtu."

Kumbe kwao wako watu kama yeye, Wapakistani wanaotunga kwa Kiingereza. Nyumbani alisema Kipunjabi, shuleni akasoma kwa Kiurdu na Kiingereza, na mashairi yakamjia kwa hicho Kiingereza, hakuyachagulia mlango. Alipokuwa kijana kule Lahore, yeye na wenzake watano sita walikuwa wakikutana chumbani kwa mmoja wao kusomeana. Jamaa zao waliwagombeza kwamba wameikimbia lugha ya mama zao. Wazungu waliopelekewa mashairi yale wakawaona wamevamia nyumba ya watu. "Tukabaki wageni kote kote," akaniambia, "lakini mle chumbani, Mwalimu, tulikuwa kwetu."

Akanieleza walivyosomeana. Kwao shairi halisikilizwi kimya. Mstari ukimgusa mtu hangoji, anapaza sauti, "Wah!" na anakudai urudie. Unarudia mara mbili, mara tatu. Hapo ndipo mtunzi anajua alichoandika ni kitu. Na tangu aingie Tabora hakuna aliyewahi kumwambia arudie.

Sasa macho yake yalikuwa yameanza kuingia giza, na binti yake kule Pakistani alikuwa anamwita arudi. Tiketi ya treni alishakata, ya Jumatatu. "Nataka niyasome mara moja tu mbele ya watu," akasema. "Nikiona yamewagusa, nitayabeba, binti yangu ayapeleke kwa wachapaji. Nisipoona, nitajua nilikuwa najidanganya miaka yote hii, nitayaacha."

Nikamwambia niachie mimi. Nikaomba darasa shuleni kwetu, Jumamosi ile, nikakusanya wanafunzi wangu, walimu wachache, na mafundi wa pale barazani. Halafu, kabla hajaingia, nikasimama mbele nikawaambia: asifungue mtu mdomo mpaka amalize. Haya ni mashairi ya Kiingereza, tutayasikiliza kwa adabu, mwisho tutapiga makofi.

Mwanangu, alikuwa ameshanieleza! Kwa masikio yangu haya! Lakini nilifikiri zile "Wah!" ni kelele za sokoni. Nilitaka kumpa heshima ya shule. Heshima niliyoijua ni ile ya kukunja mikono na kufunga mdomo.

Akaingia amevaa koti, karatasi zake mkononi. Kabla ya kila shairi alisema kwa Kiswahili linahusu nini, kisha akalisoma kwa Kiingereza chake kilichonyooka. La kwanza likapita. La pili lilikuwa la mama yake. Siku anasafiri kuja Afrika, mama alimshonea kifungo cha mwisho cha shati kwa uzi mwekundu, na shati lenyewe jeupe. Akamuuliza, mama, mbona rangi haifanani? Mama akajibu: ili ukifika ugenini mtu akuulize, nawe upate sababu ya kunitaja.

"Eeh!" Bi Mwajuma akaruka. Huyu alikuwa mshonaji wa pale barazani, mwanamke wa sauti. "Eeh jamani! Rudia hapo, Fundi! Rudia!"

Fundi Haruni akainua uso. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka vile. Akavuta pumzi aanze upya.

Na mimi nikaweka kidole mdomoni, nikamkazia Bi Mwajuma macho. Akakaa. Fundi akakiona kile kidole. Akatazama wanafunzi wangu, safu kwa safu, wote wamekunja mikono, wamekaza nyuso kama walivyoagizwa. Akasoma shairi linalofuata haraka, la nne haraka zaidi. Karatasi zilizobaki akazikunja. Tukampigia makofi, na yalikuwa makubwa kweli. Akanishika mkono akasema, "Asante, Mwalimu. Mmenisikiliza kwa adabu sana." Nami, mjinga mimi, nikafurahi.

Jumatatu nikaenda kuchukua cherehani na kumuaga. Fundi hayupo. Bi Mwajuma na wenzake walikuwa wameinama na mikasi, wanakata vipande vya kupimia kola. Katika karatasi za kaki. Nikaona maneno ya penseli yamekatwa katikati, nusu sakafuni, nusu mezani.

"Mnafanya nini?" nikapiga kelele.

"Katugawia mwenyewe," Bi Mwajuma akasema. "Nilimuuliza kama hazimfai, akasema hazimfai. Kiingereza mimi sikisomi, Mwalimu." Kisha akaweka mkasi chini. "Lakini lile la kifungo nililia. Nililia kimya, kwa sababu yako."

Loo! Nilipanda baiskeli sijui hata kama niliaga. Stesheni nikamkuta ameshakaa dirishani. Nikashikilia dirisha, jasho linanitoka, nikamwambia yote: walipenda, Fundi, mafundi walipenda, watoto walipenda, mimi ndiye niliyewafunga midomo.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Aliniuliza tu, "Kwa nini, Mwalimu? Si nilikwambia?"

Nikatoa kalamu na daftari. "Nakuomba, Fundi, rudia lile la mama yako. Niandike."

Akafumba macho. Akasema mstari wa kwanza, nikauandika. Akaanza wa pili, akasita. Akarudi mwanzo, akasita pale pale. Akajipiga paji la uso. "Jumamosi nilikuwa nalo," akasema, "lote." Treni ikaanza kwenda, nami nikakimbia nayo mpaka mwisho wa jukwaa, midomo yake bado inatafuta. Sikumwona tena. Karatasi tulizookota na Bi Mwajuma hazikutoa shairi hata moja zima.

Na mimi ni Mnyamwezi, mwanangu! Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani wakiimba njia nzima, mmoja anaanzisha, wote wanaitikia. Asingeitikia mtu, yule wa mbele angeimba na nani? Damu hiyo hiyo ndiyo iliyokunja mikono mbele ya Fundi Haruni, eti kwa adabu.

Sasa nisikilize. Mtu akikusomea alichotunga amekupa ubavu wake usio na ngao. Hawezi kuyaona yaliyo moyoni mwako. Kimya chako atakitafsiri mwenyewe, na atakitafsiri vibaya. Usimsifie uongo. Lakini kikikugusa, sema, saa ile ile, hata sauti ikikatika, hata wenzako wakicheka. Usiogope kuonekana unajipendekeza. Ogopa atakalolifanya akidhani hukusikia kitu. Huyo rafiki yako tangu juzi anajiuliza. Pengine shairi lile ameshalifuta kwenye simu, pengine bado.

Basi unangoja nini hapa? Chai utakunywa ukirudi. Nenda, mwanangu, Mungu akufikishe shairi lile likiwa bado lipo. Akupe ulimi mwepesi wa kutamka jema ulilolisikia. Na siku yako ya kusimama mbele ya watu ikifika, akujalie mmoja tu pale ndani anayeshindwa kukaa kimya.