Doti Moja, Vipande Viwili

Naandika hii haraka kabla sijajitafutia sababu.

Chuoni kwetu asiyepata kitanda hosteli anabebwa. Yaani mwenye kitanda anamchukua, wanalala wawili, matroni asijue. Ukikamatwa umebeba, mnatoka wote. Kila mtu anajua, na kila ghorofa watu wanabebana.

Mimi nilimbeba rafiki yangu. Tulisoma wote sekondari huko Korogwe, dawati moja, tukachaguliwa chuo kimoja Dar. Mimi nikapata kitanda, yeye akakosa. Akaenda kwa mjomba wake Buguruni. Chumba na sebule, watoto wanne, na mke wa mjomba ndio katoka kujifungua. Wiki tatu alilala sebuleni, kichwa chini ya meza. Siku moja akaniambia, "Shosti, nikikosa pa kulala narudi nyumbani. Chuo basi."

Nikamwambia acha ujinga, lete begi.

Hosteli iko Mchafukoge, juu ya maduka ya vitambaa. Chini mikokoteni inaanza "pisha! pisha!" kabla adhana haijaisha. Kitanda changu ni cha juu, futi mbili na nusu. Tulilala mzungu wa nne, kichwa chake kwenye miguu yangu.

"Miguu yako inanuka Kariakoo nzima," ananiambia.

"Yako inanuka Buguruni na magereji yake." Tunacheka mpaka wa kitanda cha chini anagonga chaga.

Mama yake ndiye aliyetupa khanga siku tunaondoka. Doti moja, ya njano, yenye michoro ya korosho. Akaikata katikati, kila mtu kipande chake. "Msiachane mjini huko," alisema.

Wiki ya mitihani nilikuwa sina uvumilivu tena. Miezi miwili naamka shingo imekakamaa. Alhamisi nilitoka kwenye mtihani wa hesabu za biashara najua kabisa nimefeli, jua la saa nane, nimepanda ngazi ghorofa nne. Nikamkuta kakaa kitandani kwangu anakula mihogo ya kukaanga, na wenzetu wawili wa rumu wanacheka naye.

"Hivi we huna kwenu?" nikamwambia.

Akacheka. Alidhani utani. Akanisogezea karatasi ya mihogo. Sijaigusa, mlango ukafunguliwa, matroni na mlinzi.

"Huyu nani?"

Jibu tulikuwa nalo tangu siku ya kwanza: ni mgeni wangu, kaja kuchukua notisi, anaondoka sasa hivi. Mgeni wa mchana anaruhusiwa. Sentensi moja tu.

Nikasema, "Simjui."

Sikuteleza ulimi. Nilikuwa nimemchoka, na nilitaka kitanda changu.

"Humjui, na yuko kitandani kwako anakula mihogo?"

Rafiki yangu aliniangalia. Halafu akashuka taratibu, akavaa ndala. "Kweli, matroni, hanijui. Nilikuwa napita, nikakuta mlango wazi."

"Unapita ghorofa ya nne?" mlinzi akasema. "Unaenda wapi, mbinguni?"

Akamwaga begi lake koridoni. Wasichana walishajaa. Akaitoa khanga ya njano, akaangalia kitandani kwangu, na kipande changu kiko palepale juu ya mto.

"Aah! Kumbe mwizi!"

"Shusha sauti," matroni akamwambia. "Wakisikia huko chini madukani watamuua."

Mlinzi akanigeukia. "Dada, hii yako?"

Wenzangu wa rumu wakaangalia chini. Walijua. Mimi pia nilijua kwamba nikisema tu "ni yake, tulipewa wote", natoka hosteli. Nikasema ni yangu. Akanipa, nikaipokea kwa mikono miwili, kama mtoto mwenye adabu.

Hakulia. Alipiga magoti akaokota vitu vyake kimoja kimoja, chupi, madaftari, chanuo. Dirishani nilimwona mlinzi anamtoa getini. Akaweka begi kichwani, akaingia katikati ya wamachinga, nikampoteza.

Nilimpigia simu mara nyingi, hakupokea. Jumamosi nikaenda Buguruni. Mke wa mjomba alitoka na mtoto mgongoni.

"Karudi kwao jana. Anasema chuo kimemshinda. Kwani hajakuaga? Si mnalala kitanda kimoja?"

Nikasema alikuwa na haraka.

Sasa kitanda ni changu peke yangu. Bado nalala ubavuni, nimejibana ukutani. Khanga zote mbili nimezifua nikazikunja, na kwa kuwa nimezifua sabuni moja siwezi kujua ipi ni yake. Nilisema nitaipeleka Korogwe mwenyewe. Wiki zinapita, sijaenda.

Leo mama yake kanipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimepiga nikushukuru. Mwenzio kanieleza ulivyomsitiri, mkabanana humohumo. Kinachomsumbua ni hayo masomo tu, hataki hata kuyasikia. Lakini wewe ulimfaa, Mungu akulipe."

Nikaitikia amina.

"Na ile khanga kasema kakuachia, maana huko juu feni inakupiga baridi. Vizuri. Jifunike doti nzima."

"Ndiyo, mama."

"Yuko hapa anapepeta mchele. Subiri nimpe simu."

Nikasikia ungo unawekwa chini.

Nikamwambia mama nina kipindi, nitapiga baadaye, nikakata. Sina kipindi. Leo Jumapili.