Nilijigamba Saiba, Binti Yangu Akakosa Chuo

Mimi ndiye niliyekosea, msimtafute mwingine.

Niliachia shule darasa la sita. Nilianza na mkokoteni, leo nina duka la chakula cha mifugo hapa mtaani Free Area na nyumba ya mawe kijijini Subukia. Sijawahi kuomba mtu kitu!

Binti yangu aliitwa chuo kikuu kusomea uuguzi. Tukaenda saiba, pale kwenye kompyuta za kulipia, kuomba ufadhili. Siku hizi serikali inauliza hali ya nyumbani: maskini anasaidiwa zaidi, tajiri anajilipia karibu yote.

Dada wa saiba, akitujazia fomu, akauliza, "Mzee, kwa mwezi unapata ngapi?"

Jamani, saiba ilikuwa imejaa wateja wangu! Ningesema nini? Ati duka linasimama na mkopo, na lori ninalotembea nalo ni la shemeji?

"Baba, sema tu ukweli," binti akaninong'oneza.

"Nyamaza! Baba yako si ombaomba."

Nikataja pesa ya msimu mzuri kana kwamba ni ya kila mwezi. Lori pia nikaliandikisha kuwa langu. Mtu akapiga kelele nyuma, "Mheshimiwa, na soda zetu?" Nikanunua, mpumbavu mimi!

Majibu yakaja tumewekwa kundi la matajiri. Karo karibu yote juu yangu, na sina.

Watu wa ufadhili wakaniambia nikate rufaa, chifu athibitishe sijiwezi. Chifu yule yule anayeniita mgeni wa heshima kwenye harambee! Nikazungukazunguka, leo kesho, leo kesho. Nilipomeza aibu nikaenda, siku za kuripoti chuoni zilikuwa zimeisha. Nafasi za uuguzi ni chache, yake ikapotea.

Binti hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, wale wa saiba ndio watanisomesha?"

Wacha niseme na hili, na sijutii: serikali nayo imekosea! Mfanyabiashara hana payslip, ile karatasi ya mshahara. Mvua ikikataa, mkulima hanunui kwangu. Unanipimaje kama karani? Lakini uwongo ulikuwa wangu, huo siwasukumii.

Nimeuza ng'ombe wangu wa maziwa, pesa nimeiweka ya karo. Mwaka ujao ataomba tena, na mimi nitakuwa kwa chifu asubuhi ya kwanza, watu wakiona. Bado naringa, sitaacha! Lakini wewe mzazi mwenye kifua cha majigambo kama changu, ukiulizwa unapata ngapi, taja pesa ya mwezi mbaya. Wakicheka, waambie wakulipie karo, uone kama atabaki mtu hapo.