Pumzi Chini ya Boneti

Unazima swichi, unachomoa ufunguo, unashuka, unafunga mlango. Kimya. Unapiga hatua kumi, labda kumi na mbili, na nyuma yako kitu kinavuta pumzi ndefu, kama mzee aliyemaliza kupanda ngazi. Unageuka. Taa zimezimika, viti vitupu, vioo vimefungwa. Kitu kile kinaendelea kuhema dakika tatu, nne, halafu kinakatika ghafla, kama mtu aliyegundua kwamba anasikilizwa.

Ndivyo yalivyokuwa yale magari. Kampuni yake sitaitaja. Yalikuwa madogo, ya bei ya chini, tena mapya, hayajapitia mkono wa mtu, na madereva wa teksi za mtandao waliyakimbilia. Kijiwe chetu cha Tegeta kilijaa hayo tu. Nadhani yalihema tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyesikia mpaka mmoja aliposema.

"Oya, lako linahema."

"Linahema tu? La huyu braza linakoroma, njoo usikie."

"Mnacheka nyie. Jana mama mmoja kashuka Sinza, kaacha mboga zake kwenye kiti. Nikazima gari nimrudishie, likaanza. Akaniuliza, baba, humu ndani tulikuwa wangapi?"

Hapo kicheko kiliisha.

Fundi mmoja wa uani ndiye aliyeleta dawa. Alifungua boneti, akauona waya wa feni inayopooza rejeta, akaukata kwa koleo. Gari likanyamaza. Habari ikaenea kuliko tangazo lolote. Wengine walichinja kwanza kuku na kupaka matairi damu, wengine walisomewa dua, wengine walimleta mchungaji na chupa ya mafuta. Wote baada ya hapo walipita kwa fundi mwenye koleo. Hakuna aliyetaka kutegemea upande mmoja.

Tatizo ni kwamba feni ile ndiyo hiyo hiyo inayoiokoa injini gari likiwa limesimama kwenye foleni. Ukikimbia, upepo unasaidia. Ukikwama mchana kweupe kwenye mwinuko wa Wazo, nyuma ya malori ya saruji, hakuna upepo. Basi yakawa yanachemsha na kufia pale pale, moja baada ya jingine, yametoa mvuke, yamefunikwa vumbi jeupe. Watu wakasema mahali pale pana wenyewe. Gari likapewa jina, Marehemu. "Siku hizi unaendesha nini?" "Naendesha Marehemu." Ukitaka kuliuza, mnunuzi alikuwa analizunguka kwa mbali kama anayeaga maiti.

Wakala aliyeyauza magari hayo wakati ule alitucheka. Alisema mmekata waya wenyewe, mnaogopa feni kama watoto, ondokeni hapa. Alikuwa amesema kweli, na kwa kweli yake hiyo akapoteza mji mzima.

Mie niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa kazi moja zaidi ya miezi minne. Nimepakia saruji Wazo, nimelinda geti la gesti Sinza, nimeuza maji pale kijiweni, nimefukuzwa Temeke kwa kufungua redio ya mwenye nyumba nione sauti inatokea wapi. Kilichonipeleka kwenye kazi ya udereva nyumbani kwa Mwalimu ni hilo hilo. Nilisikia ana Marehemu ambalo halijakatwa waya, nikataka kulisikia.

Mwalimu alikuwa mjane, mtu wa Iringa, mstaafu wa shule ya msingi. Miguu ilimsumbua. Alihitaji mtu wa kumpeleka kliniki, kanisani, na kila Jumamosi makaburini, si mbali na pale, alikozikwa mumewe. Mume yule alikuwa ameacha neno asisafirishwe kwenda Iringa, na ndugu hawakulipenda. Walichokichukia zaidi ni kwamba miezi ilikuwa inapita na kaburi lilibaki udongo mtupu, lenye msalaba wa mbao uliokwisha kuinama. Kwao mtu hujengewa. Simu zilikuwa zinapigwa, na mimi mbele ya usukani nilikuwa nasikia upande mmoja tu.

"Nimesema bado. Bado, shemeji. Saruji haiozi."

Gari lilikuwa la mumewe. Kila tuliporudi, Mwalimu hakushuka mara moja. Alikaa kiti cha mbele kushoto, mkoba mapajani, amefumba macho, mpaka pumzi ile ilipoanza na mpaka ilipokatika. Nilidhani anaogopa, anasali liishe. Nikamwonea huruma. Wiki ya pili, alipokuwa kanisani kwenye kikao cha kina mama, nikaenda kwa fundi mwenye koleo nikamfanyia wema.

Siku ile tuliporudi nilizima, nikasubiri shukrani. Mwalimu alifumba macho. Mtaa ulikuwa kimya, saa nane ya jua kali, hata kuku wamejificha. Dakika zikapita. Alifumbua macho, akashuka mwenyewe bila fimbo, akaenda mbele ya gari, akaweka viganja viwili juu ya boneti iliyokuwa ya moto, na hakuvitoa.

"Umemfanya nini?" akaniuliza.

Nikaeleza: waya, fundi, watu wanavyosema. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto aliyevunja kitu na bado hajajua ni kitu gani.

Ndipo akanisimulia, amesimama pale pale juani. Mumewe alirudi mchana kama ule. Alipiga honi mara moja afunguliwe geti. Yeye alipotoka, gari lilikuwa limezimwa na mumewe yuko kwenye usukani, kichwa kimelala kidogo pembeni. Akafungua mlango, akasikia pumzi nzito, tulivu. Akasema kachoka huyu, ngoja apumzike. Akazunguka, akakaa kiti cha kushoto, akamshika mkono, akaanza kumweleza habari za nyumbani: maji hayajatoka, mjukuu kapiga simu. Mumewe anahema tu. Kisha pumzi ikakatika.

"Hapo ndipo nilipogeuka nikamwangalia," akasema Mwalimu. "Mkono niliokuwa nimeushika, sijui ulikuwa wa nani muda wote ule."

Niliomba radhi. Akasema, "Rudisha."

Sikurudisha siku ile, fundi alikuwa ameshakwenda msibani. Kesho yake tulikwama kwenye mwinuko wa Wazo, na mshale wa joto ukapanda kama vile nilivyousikia ukisimuliwa. Gari lilikata pumzi likafa, mvuke mweupe, vumbi jeupe. Mwalimu alikaa ndani na mlango wazi. Dereva wa lori akapita akipiga kelele, "Poleni na msiba!" na utingo wake akacheka mpaka akakohoa.

Nilifungua boneti. Kuna jambo moja hapa nimelisema kwa watu wachache. Nilipokuwa nimeinama pale, na waya umekatwa, niliisikia ile pumzi. Ndefu, tulivu. Nikapeleka mkono taratibu kwenye panga za feni. Zilikuwa zimetulia tuli. Nimefungua vitu vingi maishani nijue sauti inatoka wapi, na hicho ndicho kimoja nilichokifunga bila kuuliza zaidi.

Waya ulirudishwa. Pumzi ikarudi, na Mwalimu akarudi kukaa nayo. Ningeondoka baada ya hapo, ilikuwa desturi yangu, ila sikuondoka.

Mwaka ule ule kampuni ilibadilisha wakala. Meneja mpya alikuwa Mhindi wa hapa hapa, kazaliwa Dar, Kiswahili chake cha Kariakoo. Alikuja kijiweni bila tangazo, kabeba stuli yake ya plastiki, akakaa.

"Nyie ndio mnaosema magari yangu yana mashetani?"

"Sie hatusemi, bosi. Yanajisemea yenyewe."

"Basi yaseme. Nimekuja kusikiliza."

Tulidhani anatania. Alirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Alikuwa anaomba gari lizimwe, anasimama hatua kumi mbali, anageuza mgongo, anasubiri. Mara ya kwanza lilipohema niliona nywele za mkono wake zimesimama. Hakuficha. Akasema, "Aisee. Hata mie ningekata." Nadhani kazi yote ilifanyika kwa maneno hayo, yaliyobaki yalikuwa spana.

Baada ya hapo mafundi wake walikuja kila Jumatano wakatandika turubai pale pale kijiweni. Aliyekata waya hakuulizwa kwa nini alikata. Walifunga feni mpya, ya sauti ndogo, iliyopangwa isiwake tena gari likishazimwa, na wakarudisha vifaa vya kudhibiti joto la injini ambavyo mafundi wetu waliving'oa kwa hoja kwamba nchi ya joto haivihitaji. Kisha, mchana wa foleni, meneja mwenyewe alipanda na madereva kwenda Wazo, nyuma ya malori, kiyoyozi kimewashwa, shati limemlowa kwa wasiwasi. Hakuna lililokufa. Walipanda tena wiki iliyofuata. Watu walikuwa wanasimama kando ya barabara kuhesabu. Zilipofika mvua za vuli, jina la Marehemu lilikuwa linatajwa na wageni tu, na yule fundi mwenye koleo alikuwa ameajiriwa turubaini, anaunga nyaya alizozikata.

Gari la Mwalimu peke yake ndilo lililobaki na feni ya zamani.

Nayo ilikuwa inachoka. Pumzi ilianza kukwama katikati, ikawa na mkwaruzo, halafu kimya kirefu, halafu inaanza tena kwa kushtuka. Aliyewahi kukaa na mgonjwa anaijua sauti ile. Mwalimu alikuwa anaushika ukingo wa kiti. Jumamosi moja tukiwa makaburini ilikwaruza hivyo kwa dakika nyingi, na mchimba kaburi aliyekuwa karibu akaacha jembe lake na kuondoka.

Nilimweleza meneja. Alikuja mwenyewe na fundi mmoja. Alimwamkia Mwalimu shikamoo, akavua viatu mlangoni, akanywa chai. Fundi alisema feni ile itakwama siku yoyote, na ikikwama kwenye foleni injini inakufa nayo, na safari hii haitaamka. Ama feni, ama gari zima.

Mwalimu alimwongezea meneja chai. Kisha akasema, polepole, "Shemeji zangu wananiuliza kwa nini simjengei. Nitawaambiaje? Mtu hajengewi kaburi akiwa bado anahema."

Nilitazama chini. Nilijua meneja angeweza kucheka, wakala wa kwanza angecheka. Meneja alizungusha kikombe chake.

"Mama," akasema, "sie kwetu kuna msiba wa zamani sana, tunaulia kila mwaka mpya wa Kiislamu, wakubwa kwa watoto, tunavaa nyeusi. Karne na karne. Lakini waliokufa tulishawazika. Kulia hakukatazwi. Kuwazuia wasilale, hilo sijawahi kulisikia."

"Unamfundisha mwalimu," Mwalimu akasema.

"Nisamehe, mama."

"Endelea tu na chai yako."

Mwalimu alitaka alisikie mara moja zaidi. Nililiwasha, nikaliacha lichemke kiasi, nikazima, nikashuka. Meneja na fundi walisimama getini wamegeuza migongo. Mwalimu alikaa kiti cha kushoto. Pumzi ilikuja, ikakwama, ikaja. Niliona midomo yake inasogea na nikasikia neno "maji", na neno "mjukuu". Alikuwa anaimalizia ile habari. Ilipokatika alisubiri kidogo, akagonga kioo kwa pete.

"Toeni."

Fundi alifanya kazi nusu saa. Feni ya zamani ilitoka imejaa vumbi la Wazo, nyeupe kama iliyopakwa chokaa. Hakuna aliyejua pa kuiweka, basi nikaifunga kwenye kitenge alichonipa Mwalimu na kuiweka chini ya ngazi.

Kesho yake mchana aliniambia tupite Wazo. Nikauliza kliniki? Akasema kwa muuza saruji. Nilipakia mwenyewe, mgongo wangu unaikumbuka kazi ile: mifuko miwili kwenye buti, mitatu kiti cha nyuma. Gari likakaa chini.

"Mwalimu, kilima hiki na mzigo huu."

"Si wamesema linapanda? Panda."

Tulikwama katikati ya mwinuko, nyuma ya lori, jua limesimama utosini. Niliutazama mshale wa joto kuliko nilivyotazama barabara. Haukusogea. Kwenye kioo cha ndani niliiona mifuko mitatu imekaa nyuma yetu, mabega yameinama, kama abiria wanaosikiliza. Mwalimu naye aliitazama kupitia kioo chake cha pembeni, akarekebisha kitambaa kichwani, akatazama mbele.

Makaburini nilipaki chini ya ukuta. Kabla sijagusa ufunguo alinyoosha mkono, akazima yeye. Tukakaa. Nilihesabu hatua kumi kichwani, nikafika kumi na mbili, nikafika ishirini. Injini ilikuwa inapoa kwa kugongagonga kidogo, kama kawaida ya chuma. Mbali mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati. Kingine chochote hakikusikika.

Mwalimu akafungua mlango.

"Haya," akasema. "Shusha."