Kichupa Ambacho Sikukitemea Mate

Kaka yangu anaishi Ulaya. Aliporudi kwetu Karuba kutusalimia alituletea nguo, sukari nzuri, na vichupa vya kutemea mate. Huko, alisema, mate yanapimwa, unaambiwa kwenye simu ndugu zako ni nani na ugonjwa gani unaweza kukufuata. Baba yetu alikufa kwa ugonjwa wa moyo, kwa hiyo alitaka tupimwe wote.

Nilikuwa nimeshafungua changu Mama aliponishika mkono.

"Ngoja kwanza, mutoto wangu. Tutoke inje."

Pembeni ya shamba la viazi aliniambia kwamba hakunizaa. Zamani aliuza chumvi na sabuni katika soko la Pinga, na rafiki yake wa sokoni alifariki akinizaa. Ndugu wa marehemu walikuwa wamekimbia vita. Mama alinifunga mgongoni, akapanda pikipiki, akaja nami nyumbani. Kaka alikuwa shule ya bweni. Likizo ilipofika alinikuta tu, akanibeba.

"Nilitaka usikie kwangu," alisema huku analia. "Si kwa mashini."

Nilimkumbatia. Hasira niliitafuta, sikuiona. Nikamuuliza kama niteme ao niache.

"Mate iko yako. Siwezi kukukataza."

Hapo njo nilikwama. Nikitema, kaka angeisoma siri ya Mama kwenye simu. Na wale ndugu wa Pinga, nani aliwauliza kama wanataka kupatikana? Lakini hata mimi nilikuwa na haki ya kujua damu yangu.

Jioni ile Mama alimwambia kaka mwenyewe. Kaka akanivuta kichwa kifuani kwake.

"Basi moyo wa Papa umenibakilia mimi peke yangu," alisema, na tukacheka wote huku machozi yanatoka.

Alipima mate yake. Mimi nilikifunga kichupa changu bila kutema, nikaenda na Mama Pinga kuwatafuta ndugu wenyewe. Dada wa marehemu alikuwa amerudi, anauza mawese sokoni. Mama hakumwambia lolote kabla ya kumuuliza, "Dada, kuna habari ya marehemu ndugu yako. Unataka kuisikia?" Yule dada wa marehemu alinitazama, akanishika kidevu.

"Sema tu. Sura yake nimeshaiona."

Nilimuuliza kuhusu magonjwa ya kwao. Alinijibu yote, hata yale ya aibu. Halafu yeye na Mama wakagombania nani anipakulie sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nikala sahani zote mbili, nikamshukuru Mungu kwa hao wamama.